Amri ya kuondoa maudhui ya "msimamo mkali": karatasi, simu na saa moja

#1 Mkwakwani_Kaskazini

Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Uzi huu ni wa wanaoendesha kurasa za habari, majukwaa madogo, chaneli za Telegram na magrupu makubwa ya WhatsApp, awe Ngamiani, Makorora, Muheza au Pangani. Likitokea shambulio popote duniani, kesho yake waziri fulani husimama na kusema majukwaa yabanwe yaondoe kauli za msimamo mkali. Sisi tunalisikia kama jambo moja. Ukilifungua ndani unakuta aina nne za kubanwa, na kinga ya moja haifai kwa nyingine.

Ya kwanza ni amri ya kisheria yenye saa. Mfano ulio wazi ni Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2021/784 juu ya maudhui ya kigaidi mtandaoni, iliyoanza kutumika tarehe 7 Juni 2022. Mamlaka ikishatuma amri, jukwaa lina saa moja ya kuyaondoa au kuyafunga maudhui yasionekane katika nchi zote za Umoja. Amri ina fomu yake: aliyeitoa, kiungo kamili cha ukurasa, sababu, kifungu, tarehe na saa, saini ya kielektroniki, na pa kukata rufaa. Jukwaa ambalo halijawahi kupata amri kutoka mamlaka hiyo hupewa kwanza maelezo ya utaratibu, angalau saa 12 kabla. Anayekaidi kwa mazoea anaweza kutozwa hadi asilimia 4 ya mapato yake ya mwaka, ya dunia nzima.

Ya pili ni wajibu wa jumla. Hapa sheria inakutaka uwe na mfumo, na mfumo ukilegea unalipa. Ujerumani ilipitisha NetzDG, sheria ya mitandao ya kijamii, mwaka 2017, ikadumu hadi 2024: kosa la wazi liondolewe ndani ya saa 24 tangu lilalamikiwe, lenye utata ndani ya siku 7, faini hadi euro milioni 50, kwa majukwaa yenye watumiaji waliosajiliwa zaidi ya milioni 2 nchini humo. Uingereza ina sheria yake ya usalama mtandaoni ya 2023, ambayo faini yake hufika pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato, lililo kubwa ndilo linalotumika.

Ya tatu ni "taarifa" ya polisi. London wana kitengo cha kazi hiyo tangu 2010, Europol, polisi wa Umoja wa Ulaya, wana chao tangu Julai 2015. Hawa hawaamuru. Wanaripoti chapisho kama anavyoripoti mtumiaji yeyote, wanasema: hili linavunja masharti yenu wenyewe. Jukwaa linaliondoa "kwa hiari". Kwa kuwa hapakutolewa amri, mwenye chapisho hana cha kupeleka mahakamani.

Ya nne ni simu. "Bwana, kile kitu pale ukurasani kwako hakijakaa vizuri, hebu kitazame." Basi. Hakuna jina, hakuna kifungu, hakuna saa.

Msimamo wangu niutoe mapema tusizungushane: ya kwanza inatisha kwa saa yake, lakini ina karatasi, na penye karatasi hakimu ana cha kusoma. Mimi naziogopa ya tatu na ya nne. Karibuni.

#2 KahawaTungu

Nimekaa, kikombe mkononi. Swali moja tu mkuu: hayo ya Ulaya yanamhusu nini mtu wa Barabara ya 12 mwenye wafuasi elfu nane?

#3 Wakili_Raskazone

Yanamhusu kwa sababu chapisho lake limelala kwenye seva za kampuni inayozitii sheria hizo. Kampuni haipendi kuwa na masharti mia. Hupenda masharti mamoja kwa dunia nzima. Kilichoongezwa kwenye masharti ya matumizi kwa kuogopa faini ya Berlin au Brussels kitamfuta mtu wa Tanga vilevile, naye ataambiwa tu "umevunja miongozo ya jumuiya".

Halafu nyumbani nako tuna saa yetu. Chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010 zilitungwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018, zikafutwa na kuandikwa upya mwaka 2020 (Tangazo la Serikali Na. 538), zikarekebishwa mwaka 2022. Msisome toleo moja mkaliacha jingine. Zile za 2018 zilimpa mtoa huduma saa 12 kuondoa maudhui yaliyokatazwa baada ya kutaarifiwa. Za 2020 zikashusha hadi saa 2. Adhabu ya kuvunja kanuni: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Orodha ya yaliyokatazwa imo kwenye jedwali mwishoni, na imefungasha mengi mno pamoja: uchochezi wa vurugu umekaa mkeka mmoja na ponografia na lugha chafu. Ndiyo maana ofisa akisema tu "maudhui yaliyokatazwa", bado hajasema kitu. Muulize ni aya ipi.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 isomeni vifungu vinne msiviache:

Cha 39: mtoa huduma hana wajibu wa jumla wa kufuatilia kila kinachopita kwake. Hii ni kinga. Wengi hawajui kuwa wanayo.

Cha 45: taarifa ya kuondoa maudhui. Ina sura yake: jina na anwani ya anayelalamika, saini, maudhui yanayolalamikiwa, haki au sheria iliyovunjwa, na hatua anayotaka ichukuliwe.

Cha 32: mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa ngazi hiyo, anaweza kutoa amri ya kupewa data kwa ajili ya upelelezi. Kutoa data na kuondoa chapisho ni mambo mawili. Mara nyingi huombwa kwa pumzi moja. Yatenganisheni.

Cha 22: anayeharibu au kufuta data kwa nia ya kukwamisha upelelezi, au anayekataa kutii amri. Faini haipungui shilingi milioni 3, kifungo hakipungui mwaka mmoja.

Hicho cha 22 ndicho kinachowanasa waliotishika. Anaogopa, anafuta chapisho lote pamoja na maoni, kumbe kesho anaulizwa ushahidi uko wapi. Wala usifute. Ficha. Ulaya wenyewe wameliona: kanuni yao ya saa moja inalitaka jukwaa liyahifadhi maudhui yaliyoondolewa kwa miezi 6, kwa ajili ya rufaa na upelelezi.

#4 NahodhaPangani

Nawasoma kwa makini, ila naona kama mnamtetea mwenye ukurasa mkamsahau anayechinjwa.

Tarehe 15 Machi 2019, Christchurch, New Zealand. Watu 51 waliuawa kwa shambulio la misikiti miwili, muuaji anarusha mubashara Facebook. Dakika 17. Waliotazama moja kwa moja hawakufika 200, na hakuna hata mmoja wao aliyeripoti. Ripoti ya kwanza ya mtumiaji iliingia dakika 29 baada ya kuanza. Ndani ya saa 24 kampuni iliondoa nakala milioni 1.5. Australia haikungoja: mwezi uliofuata ikapitisha sheria ya faini hadi asilimia 10 ya mapato ya mwaka kwa kampuni isiyoondoa haraka picha za namna hiyo, na kifungo hadi miaka 3 kwa mtu binafsi. Mei 15 Ardern, waziri mkuu wa New Zealand wakati huo, na Rais Macron wa Ufaransa wakaziita serikali na kampuni Paris, zikaahidi.

Na kabla ya hapo, Twitter ilifunga akaunti zaidi ya milioni 1.2 za kuhamasisha ugaidi kati ya Agosti 2015 na mwisho wa 2017. Kampuni ile ilikuwa inajisifu kwa uhuru wa maoni. Bila kubanwa ingefanya?

Sisi wa mkoa huu tulisikia milio ya Amboni Februari 2015. Haya si mambo ya magazetini tu.

#5 FundiSeva

Nahodha, namba zako ni sahihi, na ndizo zinazoonyesha kasi inafaa wapi na wapi haifai.

Kati ya nakala zile milioni 1.5, milioni 1.2 zilizuiwa wakati wa kupandishwa, kabla hazijaonekana. Kilichozizuia ni hashi, namba inayozalishwa kutokana na faili lenyewe. Ziko za aina mbili na watu huzichanganya.

SHA-256 hutoa mfuatano wa alama 64. Badili pikseli moja, mfuatano wote unabadilika. Kwa ushahidi ni bora, kwa msako haifai kitu, maana WhatsApp ikishaibana picha yako tayari ni faili jingine.

Aina ya pili inasoma sura ya picha. Microsoft walitengeneza PhotoDNA mwaka 2009 pamoja na Hany Farid, kwa ajili ya picha za unyanyasaji wa watoto. Facebook wakaitoa PDQ bure mwaka 2019. PDQ ni biti 256. Unalinganisha picha mbili kwa kuhesabu biti zinazotofautiana, na kizingiti kinachopendekezwa ni 31. Zikitofautiana biti 31 au pungufu, ichukulie ni picha ileile. Ukikipandisha mno kizingiti, unaanza kukamata mabango yasiyohusiana. Ukikishusha mno, mtu akibandika nembo kwenye kona tayari amekuponyoka. Picha iliyokatwa kingo sana huiponyoka hata kwenye 31. Na picha tupu-tupu, mandhari meusi yenye mstari mmoja wa maandishi, hulingana na picha nyingine tupu-tupu. Ndiyo maana PDQ hutoa na alama ya ubora, picha yenye alama ndogo isitumike kabisa.

Sasa zile laki 3 zilizobaki zilipitaje? Facebook walihesabu zaidi ya sura 800 tofauti za video ileile. Watu waliirekodi kwa simu kutoka kwenye skrini, wakaiwekea fremu, wakaikata. Ikabidi wafuatilie hata sauti.

Hifadhi ya pamoja ya hashi ilitangazwa Desemba 2016 na Facebook, Microsoft, Twitter na YouTube, na mwaka 2017 wakaanzisha GIFCT, shirika lao la pamoja, la kuisimamia. Kampuni hupeana namba. Picha zenyewe hubaki kwa mwenyewe. Kwa kitu kilichokwisha kuamuliwa kuwa ni kibaya, mfumo huu unakwenda kasi kuliko amri yoyote ya saa moja.

Kasoro ni kwamba hashi haina macho ya nia. Klipu ileile ndani ya taarifa ya habari, ndani ya mhadhara wa kuipinga, na ndani ya chaneli ya kuisifia, hutoa namba ileile. Na kitu kipya ambacho hakijawahi kuonekana hakina hashi. Hapo anahitajika mtu anayeijua lugha. Saa moja haimzalishi mtu huyo. Inamfanya aliyepo afute kwanza, asome baadaye.

#6 BintiChumbageni

"Afute kwanza, asome baadaye" ndicho kilichoipata NetzDG siku za mwanzo kabisa. Januari 2018 jarida la vichekesho la Titanic lilimkejeli mwanasiasa mmoja kwa kuiga matamshi yake, Twitter ikaifunga akaunti ya jarida. Kejeli ikahesabiwa chuki. Ufaransa walijaribu kuzidi: sheria ya 2020 iliyotaka saa 24 kwa chuki na saa moja kwa ugaidi, bila hakimu. Baraza lao la Katiba liliikata vipande tarehe 18 Juni 2020, likisema inawasukuma wenye majukwaa kuondoa hata kauli halali.

Mpaka wenyewe upo, lakini hautegemei neno. Mpango wa Rabat wa 2012, uliotoka kwenye mikutano ya Umoja wa Mataifa, unauliza mambo sita kabla ya kuita kauli uchochezi wa jinai: mazingira, msemaji, nia, maudhui na sura yake, ueneaji, na uwezekano wa madhara kutokea, tena karibuni.

Tuupime kwa kitu cha kwetu. Mhadhiri ana mawaidha ya dakika 40. Dakika ya 12 anasoma maneno ya kundi la kigaidi, neno kwa neno, dakika mbili nzima. Kuanzia ya 14 anayabomoa kwa hoja. Msemaji ana wafuasi, ueneaji ni mkubwa, maneno yenyewe ni ya kutisha, lakini nia ni kukanya na mazingira ni darsa. Haivuki mpaka.

Sasa mtu anakata sekunde 90, kutoka ya 12 hadi ya 13 na nusu, anaweka nashidi ya vita nyuma yake, anairusha kwenye grupu la vijana lenye watu mia tano wiki moja baada ya vurugu. Sauti ni ileile, maneno ni yaleyale. Mazingira yamebadilika, nia imebadilika, msemaji machoni mwa msikilizaji amebadilika. Hii inaweza kuvuka.

Amri ikija, angalia kama imetaja klipu au imetaja mhadhara. Mara nyingi huja na jina la mhadhiri tu, na aliyeipokea hufuta zote mbili. Kundi lile linabaki na sekunde zake 90 kwenye simu za watu, jibu la dakika 26 limefutwa.

#7 Mzee_wa_Mkonge

Binti umenena. Nami niweke la lugha.

Aprili 2022, tume ya uwiano na utangamano ya Kenya ilitoa orodha ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi. Yamo madoadoa, kwekwe, mende, "wabara waende kwao", "watajua hawajui", na wakuja. Kwa Kenya yana historia. Aliyeishi 2007 na 2008 anajua "madoadoa" liliua watu. Lakini chukua orodha hiyo uitie kwenye chujio la mashine, uilete Tanga, mji unaojitambulisha kwa "waja leo waondoka leo". Tutafungiwa mkoa mzima.

Na mkulima akiandika kupalilia kwekwe? Na jihadi ya nafsi? Na "tutachinja" siku ya Idi?

Upande wa pili ndio mbaya zaidi. Mswahili akitaka kumtukana mtu hadi wajukuu hahitaji tusi. Anavaa kanga. Mafumbo yatapita kwenye kila chujio. Julai mwaka huohuo wa 2022 mashirika ya utetezi Global Witness na Foxglove waliijaribu Facebook kwa matangazo ya kulipia yaliyojaa wito wa kuua, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Ya Kiswahili yalikubaliwa. Ya Kiingereza yalikataliwa kwanza kwa kasoro za sarufi na lugha chafu, yaliporekebishwa yakapita. Yaani mashine ilisahihisha sarufi ya mchochezi. Tume ya Kenya ikaipa Meta, mwenye Facebook, siku 7 ijirekebishe au ifungiwe, kisha mawaziri wakasema hakuna kufunga. Tishio la kufunga jukwaa zima huwa tupu, au likitimizwa linawapiga wote: hapa kwetu X (zamani Twitter) ilipozuiwa Mei 2025, aliyezuiwa ni mwenye duka anayetangaza bidhaa zake sawasawa na mchochezi. Mchochezi ndiye mwenye VPN.

#8 KahawaTungu

"Mashine ilisahihisha sarufi ya mchochezi." Kahawa imenitoka puani.

Sasa turudi kwenye simu. Imepigwa, jina halikutajwa. Nifanyeje? Hatua kwa hatua tafadhali, na grupu la WhatsApp msilisahau.

#9 Mkwakwani_Kaskazini

Haya. Simu ikija, usibishane wala usikubali. Sema maneno mamoja tu: "Nimekusikia, nitumie kwa maandishi nilishughulikie haraka." Mwombe jina, ofisi na cheo, kiungo cha chapisho, aya ya kanuni, na kama anataka liondolewe, lifichwe au lihifadhiwe. Ofisa wa kweli mwenye haraka ya kweli anaweza kutuma mistari mitano kwa dakika kumi. Kisha ipigie ofisi yenyewe kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, siyo ile iliyokupigia. Matapeli wanajifanya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na washindani wa biashara wanajifanya polisi.

Bila kungoja maandishi, chukua kumbukumbu. Picha ya skrini inayoonyesha anwani ya ukurasa na saa. Kiungo cha chapisho. Faili lenyewe kama ni video. Halafu toa SHA-256: kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, kwenye Linux ni sha256sum na jina la faili. Nakili zile alama 64 kwenye daftari pamoja na saa ya Afrika Mashariki. Makosa yanayojirudia hapa ni mawili. Watu hujitumia faili kwa WhatsApp kwanza, likabanwa, na hashi ikawa ya faili jingine. Hamisha kwa waya au kwenye flashi. Na watu huandika saa bila kusema ni ya Kiswahili au ya kizungu. Andika 20:15, usiandike "saa mbili na robo usiku".

Nakala ikae mahali pamoja, pamefungwa, watu wawili tu wana ufunguo. Usiipeleke grupu la waandishi "mnishauri". Ukiisambaza, tayari wewe ni msambazaji.

Kisha amua. Kama ni wito wa wazi wa kumdhuru mtu anayetajwa au mahali panapotajwa, ficha mara moja na utoe taarifa, hata kama aliyepiga hajatuma kitu. Hapo hakuna cha kungoja. Azimio la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu la 2019, kanuni ya 39, lenyewe linakubali: vyombo vya dola vinaweza kuomba uondoaji wa haraka pale penye hatari ya karibu ya kifo au madhara makubwa, mradi hakimu aje aupitie. Kwa mengine yote kanuni hiyohiyo inataka ombi liwe wazi, litoke kwa chombo huru cha kimahakama, na liwe na rufaa.

Ukiondoa, mwandikie mwenye chapisho: kimeondolewa nini, lini, kwa kifungu kipi, kwa ombi la ofisi gani. Kama umekatazwa kumwambia, uwe na katazo hilo kwa maandishi.

Kuhusu simu zenyewe, Wamarekani walikwisha kuliona mwaka 1963. Jimbo la Rhode Island lilikuwa na tume iliyotuma barua za "ushauri" kwa wasambazaji wa vitabu, kisha polisi anapita dukani kuuliza umefanya nini. Mahakama yao ya Juu kabisa ikasema huo ni udhibiti, hata kama hakuna aliyeshtakiwa. Mei 2024, katika kesi ya NRA (chama cha wenye bunduki) dhidi ya Vullo (ofisa wa jimbo la New York), majaji wote tisa wakarudia kuwa ofisa haruhusiwi kumtishia mtu wa tatu ili amnyamazishe mwingine. Lakini mwezi mmoja baadaye, Murthy dhidi ya Missouri, kesi ya serikali kuzisukuma kampuni za mitandao, walalamikaji wakashindwa 6 kwa 3 kwa sababu hawakuweza kuunganisha simu fulani na ufutaji fulani. Kumbukumbu hazikutosha. Hicho ndicho ninachokisema tangu #1.

#10 FundiSeva

WhatsApp nimalizie mimi.

Ujumbe umefungwa kwa usimbaji tangu Aprili 2016, seva haiusomi. Kwa hiyo anayebanwa ni admini, kwa kuwa ndiye aliye karibu. Alichonacho: tangu 2022 admini anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote. Anaweza kuruhusu maadmini peke yao kutuma, na kumtoa mtu. Kinachosahaulika ni kwamba kufuta kwa wote hakufuti kilichokwisha kusambazwa kwenye grupu jingine, wala kilichojihifadhi kwenye ghala la picha la simu.

Mtu akiripoti, WhatsApp hupelekewa ujumbe wa mwisho hadi mitano wa mazungumzo hayo. Ukichelewa, ukaripoti baada ya watu thelathini kuandika "astaghfirullah", kitakachopelekwa ni hizo astaghfirullah. Bonyeza ujumbe wenyewe uuripoti huo.

Kuna na mshale wa kusambaza. Ukiwa mmoja ni kawaida. Ikiwa miwili maana yake ujumbe umepitia mikono mitano au zaidi, na tangu Aprili 2020 unaruhusiwa kwenda kwa mazungumzo mamoja kwa wakati mmoja. Hii haikumfuta mtu yeyote, haikusoma neno lolote, na imepunguza kasi. Kwa maoni yangu serikali zingebana zaidi upande huu wa kasi zikaachana na orodha za maneno.

#11 NahodhaPangani

Nimekubali la kumbukumbu. Sijakubali la kungoja maandishi kila mara. #9 nayo imeweka mlango wa dharura, basi sawa.

Ila ongezeni la ushahidi wa mauaji. Mwaka 2017 YouTube ilipoongeza mashine, maelfu ya video za vita vya Syria zilifutika, za wanaharakati waliokuwa wanahifadhi ushahidi. Na mwaka huohuo, Agosti, mahakama ya kimataifa ya jinai, ICC, ilitoa hati ya kumkamata kamanda Mahmoud al-Werfalli wa Libya ikitegemea video zilizowekwa mitandaoni. Zingefutwa bila nakala, mashtaka yangesimama juu ya nini? Kwa hiyo hata sisi tunaotaka yaondolewe haraka tunataka yahifadhiwe.

#12 KahawaTungu

La mwisho. Hizo saa 2 za kanuni zinahesabiwa hata usiku?

#13 Wakili_Raskazone

Kanuni hazikutaja usiku wala Idi. Saa inaanza ukishapata taarifa, kwa hiyo kwanza weka anwani moja ya barua pepe ya kupokelea maombi, itangaze kwenye ukurasa wako, na waifungue watu wasiopungua wawili wasiolala nyumba moja. Pili, jibu kiotomatiki kuwa umepokea, lenye saa. Tatu, mmoja wao awe na simu ya zamu yenye bando na pawabenki iliyojaa, maana barua ikiingia saa 22:00 na umeme umekatika Makorora nzima, utetezi wa "Luku iliisha" haumo kwenye jedwali lolote nililolisoma.